Rupia Iliyokataa Kulia

Neema, mwanafunzi wangu wa usonara, amenisumbua tangu siku niliyomkabidhi funguo za duka. "Mzee Petro, andika," anasema. "Ukituacha na hayo mambo kichwani, sisi tutamwuliza nani?" Nimemwambia sina mpango wa kufa wiki hii. Lakini mke wangu naye amechoka kuniona nazungukazunguka jikoni nikifunua sufuria zake, akaungana na Neema. Basi naandika. Ninyi wenzangu mtakaokaa kwenye meza ile ya usonara, msitafute humu siri za kutajirika. Ningekuwa nazijua nisingekuwa naandikia barazani, nimevaa koti la mtumba lisilo na kifungo cha juu.

Kazi yangu ilikuwa kununua, kupima na kuuza sarafu kuukuu za fedha, hasa zile rupia za Mjerumani, katika chumba kimoja karibu na njia panda ya Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Wengi mnanijua kwa jina la Sikio. Wageni hudhani ni jina la sifa, nami kwa miaka mingi sikuwasahihisha.

Kwetu ni Njombe, kwa wakulima wa viazi, Walutheri tangu enzi za babu. Nililima hadi mjomba akaona kwamba shamba halinipendi na mimi silipendi, akanipeleka Makambako kwa Fundi Mbaraka. Huyu alikuwa sonara wa kutoka Kondoa. Alikuja na watu waliojenga reli, wao wakaondoka, yeye akabaki. Alikuwa mtu mwembamba, wa swala tano, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Mama yangu alimwuliza jambo moja tu, kama nitapata nafasi ya kwenda kanisani. "Mama," Fundi akajibu, "Ijumaa naondoka mimi, Jumapili anaondoka yeye. Duka litapumzika mara mbili kwa wiki, halitaugua."

Ndiyo ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla yake tulipanga foleni ya sabuni. Ghafla sabuni zikajaa, na khanga, na redio, na mitumba ya kila namna, ila hela ya kununulia ndiyo ikawa haipo. Watu wakaanza kufungua masanduku ya bibi zao. Rupia zikaja kutoka Lupembe zimefungwa kwenye vitambaa, zikaja kutoka Ludewa, na moja ilitoka Lupingu, kule ziwani, ikinuka usipa, wale dagaa wa huko, hata tukaianika dirishani kabla ya kuipima. Na noti nazo zilikuwa zinaishiwa nguvu. Bei ya bati uliyoambiwa kabla ya Pasaka siyo uliyoikuta baada yake. Mwenye rupia aliuza kitu kilichotulia ili anunue vitu vilivyokuwa vinakimbia, na wengi walilijua hilo, wakauza huku wananung'unika.

Ijumaa yangu ya kwanza dukani Fundi aliondoka kwenda msikitini akaniachia kopo la rupia. "Nitazamie hizi," alisema. Nikazitazama. Zilikuwa nyeusi, za kutia aibu. Sasa, kwetu Njombe hupeleki kitu kichafu sokoni. Viazi tunaviosha mtoni, hata kuku tunampangusa miguu kabla ya kumtoa nyumbani. Nikajiambia, huyu mzee ana kazi nyingi, ngoja nimsaidie. Nikatafuta majivu, nikanunua limau, nikapata na brashi ya viatu. Fundi aliporudi alikuta rupia zote zimepangwa mezani zinameremeta, nami nimesimama pembeni nikingoja kupongezwa.

"Umefanya nini?"

"Nimezisafisha, Fundi."

"Zote?"

"Zote."

Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Ningechelewa kidogo," akasema, "ungenipigia na meza deki, na mimi mwenyewe ungenisugua."

Halafu akanikalisha akanieleza, bila kupandisha sauti, jambo ambalo sasa nawaeleza ninyi. Rupia moja ina bei tatu. Ya kwanza ni bei ya kuyeyushwa, yaani unailipia uzito wake tu. Ya pili ni bei ya kuvaliwa, mtu anapoitaka iwe kidani au pete. Ya tatu, iliyo juu kuliko zote, ni bei ya kutazamwa. Hiyo hulipwa na yule mnunuzi wetu wa Dar es Salaam, anayewauzia watu wanaoweka sarafu kwenye sanduku la kioo wasizitumie kwa lolote. Mnunuzi huyo haitaki iliyosuguliwa. Anaitaka na ule weusi wake, ambao sisi tunauita ngozi. Mimi nilikuwa nimelichuna ngozi kopo zima kwa majivu na limau, nikazishusha zote kutoka bei ya tatu hadi ya kwanza kabla muumini hajamaliza swala yake.

Tangu siku ile nikawa mhubiri. Kila nyumba ya Njombe ilikuwa inasugua rupia zake kwa adabu kabla ya kuzileta kuuza, kama nilivyofanya mimi. Nilisimama hata nje ya kanisa nikiwaambia watu msisugue, leteni hivyohivyo. Mama mmoja alinijibu kwamba yeye hajalelewa hivyo. Aliondoka, akaisugua yake vizuri zaidi, akaniletea pamoja na mfuko wa viazi kwa kunionea huruma.

Fundi alinifundisha vipimo polepole. Rupia nzima isiyochakaa ina uzito wa tola moja kamili, na tola ndicho kipimo cha masonara, kwa hiyo alikuwa na rupia moja nzuri aliyoitumia kama jiwe la mizani. Ukiweka ya mteja upande wa pili na ikanyanyuka juu, ujue vidole vya watu vimeshaila. Alinifundisha zile shilingi za zamani za simba, ambazo kila mtu aliziita fedha. Zile za mwanzo zina fedha robo tu, na za baada ya vita hazina hata chembe. Kumwambia mzee kwamba shilingi alizozifukia miaka yote hazina kitu ni kazi ngumu kuliko kuyeyusha. Fundi alikuwa anawakaribisha chai kwanza.

Hiyo chai nayo ilikuwa kipimo. Unaishika rupia ukingoni, unachovya nusu yake kwenye chai ya moto. Fedha hupandisha moto haraka mpaka vidoleni. Ya chuma itakuacha unywe chai yako kwa amani. Shaba nayo huunguza, kwa hiyo msiitegemee chai peke yake. Mimi niliitegemea, nikanunua kipande cha shaba kilichopakwa fedha juujuu, nikalipa bei nzuri na vidole nikaunguza.

Kuna pia yule bwana mwenye suti aliyetutembelea akitafuta rupia inayovuta mchele. Aliniambia kwamba iko moja kati ya nyingi, ukiisogeza kwenye punje zinaifuata, na kuna tajiri anayeingoja kwa bei ya lori. Fundi alicheka akaenda kuswali. Mimi sikucheka. Nilinunua kilo ya mchele wa Kyela, nikaumwaga kwenye sinia, nikakaa alasiri nzima nikipitisha rupia moja baada ya nyingine. Fundi aliporudi aliutazama mchele, akanitazama mimi, akasema, "Weka maji."

Lakini kipimo nilichokipenda ni mlio. Mlangoni tulikuwa na kibao cha jiwe. Unaidondosha rupia pale, na fedha safi hulia kwa sauti ndefu, nyembamba, isiyokatika upesi. Nikawa na sikio zuri kweli. Nikaanza kuringa. Mteja akiidondosha nilifumba macho na kuinamisha kichwa, kisha nikatoa hukumu. Fundi alikuwa ananiambia, "Fumba macho, lakini akili iache wazi."

Nilikuwa katika hali hiyo ya kujisikia alipoingia Enoki.

Enoki alikuwa seremala wa Lyamkena, kijana mpole, mikono ina makovu ya msumeno. Alikuwa anamchumbia Eliza, msichana wa Matembwe aliyelelewa na bibi yake, Bibi Tabitha. Mahari ilikuwa imeshazungumzwa. Mbuzi, majembe na blanketi la bibi, vyote vilikubaliwa kulipwa kwa hela, kasoro jambo moja. Bibi Tabitha alikuwa ameolewa kwa rupia sita za fedha, na mjukuu wake hatatoka pale kwa karatasi.

"Amesema karatasi ya mwaka jana leo hainunui chumvi," Enoki alitueleza. "Anataka sita, Fundi, kama zake. Kanisani tumeshatangazwa mara ya kwanza. Jumamosi washenga wanakwenda."

Fundi akatafuta kwenye kopo. Zilikuwapo tano nzuri, zenye ngozi yake. Ya sita ilikuwa na tundu karibu na ukingo, maana mtu aliwahi kuivaa. Rupia yenye tundu haina bei ya kutazamwa, na kwa mahari Fundi aliona si heshima. "Hizi tano chukua," akamwambia Enoki. "Mimi kesho nakwenda Iringa kwenye msiba, nitaitafuta ya sita huko. Ingoja kabla hujapeleka." Akaniagiza na mimi, "Usifanye lolote." Nadhani alikuwa anakumbuka brashi ya viatu.

Fundi hajafika hata Mafinga, mimi nimeshaishika ile yenye tundu. Nilimwonea huruma Enoki, huo ndio ukweli, na pia nilitaka kuonyesha ufundi. Fedha huzibwa kwa fedha, kwa moto mkali, na kazi hiyo nilikuwa bado sijaruhusiwa. Nikaenda kwa fundi redio jirani, nikaomba kipande cha lehemu yake, ile laini ya risasi. Nikaliziba tundu. Nikapiga tupa mpaka pakawa bapa, nikachora kwa sindano manyoya ya yule ndege aliye juu ya kofia ya mfalme wa Kijerumani pale yalipokatika, kisha nikapaka masizi ya koroboi ili weusi ulingane. Ilipendeza. Niliigeuzageuza mwangani nikajiona nimefika. Sikuidondosha kwenye jiwe. Mimi, mwenye masikio yale, nilikuwa naitazama tu.

Enoki alipokuja nilimwambia wazi kwamba ilikuwa na tundu, nami nimeliziba, na hata bibi mwenyewe hataona. Nilimtoza bei ya yenye tundu. Alinishukuru kwa mikono miwili, akaondoka anapiga mluzi.

Jumatatu alirudi. Hakusalimia. Alikaa kwenye benchi la wateja akaweka mikono magotini.

"Kaka Petro, umenimaliza."

Bibi Tabitha hakuwa ametazama rupia hata moja. Alizipokea, akaomba jiwe lake la kusagia, akazidondosha moja moja mbele ya washenga na wajomba wote. Tano zililia. Ya sita haikulia.

"Wajomba wanasema, kama nimeweza kuwadanganya kwa rupia, nikishampata binti yao nitadanganya na nini," Enoki alisema. "Jana tangazo la pili limesomwa kwa sababu mchungaji alikuwa hajapata habari. La tatu halitasomwa. Bibi amesema aliyeiuza aje mwenyewe kabla ya Jumapili. Eliza hajanisemesha. Alinitazama tu."

Nilitamani sakafu inimeze. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba kipande kile cha lehemu kingeweza kumfanya mtu mwaminifu kama Enoki aonekane tapeli mbele ya watu anaotaka kuwa ndugu zao. Fundi aliporudi kutoka Iringa jioni hiyo nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Lete koti," akasema. "Asubuhi tunakwenda Matembwe."

Tulipanda lori tupu lililokuwa linafuata mbao. Fundi na Enoki walikaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma pamoja na gurudumu la akiba, na ilikuwa haki yangu. Kutoka Njombe kwenda Lupembe ukungu ulitufunika hata sikuona migomba wala watu, nikabaki na mawazo yangu na baridi. Nilijaribu kupanga maneno. Kila nililolipanga lilianza na neno "bahati mbaya", nikaliacha.

Bibi Tabitha alitupokea jikoni kwake, kwa sababu ndipo palipokuwa na moto. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa sweta mbili na khanga juu yake. Wajomba wawili walikaa kwenye gogo. Eliza alisimama mlangoni ameshika kikapu cha njegere, akizimenya bila kuzitazama wala kumtazama Enoki.

"Kamwene, bibi," nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene. Wewe ndiye uliyeuza?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Mimi ndiye mwenye duka," Fundi Mbaraka akaingilia, akiwa ameshika kofia mkononi. "Rupia ni yangu, bibi. Ni fedha kweli. Aibu ndiyo ya huyu kijana."

Bibi alivuta jiwe la kusagia, akafungua kitambaa, akadondosha tano. Zililia vizuri, nikazisikia kila moja mpaka mwisho wake. Akaidondosha ya sita, ikaanguka kama kiazi.

"Haya," akasema. "Nyie watu wa fedha, niambieni hiyo ni sauti gani."

Fundi akatoa jiwe lake jeusi la kupimia na kichupa cha asidi. Alieleza kwamba ataikwaruza kidogo, atatia tone, na rangi itasema. Mjomba mkubwa akanyanyua mkono. "Dawa ya kwenu hiyo. Inajibu mnavyotaka nyie."

"Basi mnataka ijibiwe na nini, baba?"

"Na moto," Bibi Tabitha akasema. "Moto naujua mimi mwenyewe."

Fundi akanigeukia. Akanipa koleo. Nikaishika ile rupia, nikaiweka juu ya makaa, nikapuliza. Nilijua kitakachotokea, na nilijua kwamba baada ya hapo hakuna ufundi wangu utakaobaki. Ngozi ikaondoka, masizi yakaungua. Halafu kitu kikang'aa karibu na ukingo, kikajikunja, likadondoka tone moja dogo kwenye majivu. Nikaitoa rupia, nikaizamisha kwenye bakuli la maji, nikampa bibi. Tundu lilikuwa wazi, na mwanga wa mlangoni ulipita katikati yake.

"Ina tundu!" mjomba mdogo akasema, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi.

"Ilikuwa nalo tangu mwanzo," nikasema. "Nimeliziba mimi, bibi. Enoki hana kosa, nilimwambia haitaonekana. Niliona haifai kwa mahari, nikataka ipendeze."

"Uliliziba?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa mikono yako?"

"Ndiyo."

Bibi akaingiza vidole shingoni, chini ya khanga, chini ya sweta ya kwanza na ya pili, akavuta uzi mweusi. Mwishoni mwa uzi palikuwa na rupia iliyolainika kwa kuvaliwa hata kichwa cha yule Mjerumani kilikuwa kimebaki kivuli. Ilikuwa na tundu karibu na ukingo.

"Tano hukaa sandukuni za kumsaidia bibi harusi siku ya shida," alisema. "Ya sita inavaliwa. Mume wangu alinitobolea hii kwa msumari, hapo nje, siku niliyoletwa. Huyu bwana harusi naye nilikuwa nimemwekea msumari. Sasa wewe fundi wa mjini, uliona tundu ukadhani ni ugonjwa?" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika goti la Fundi Mbaraka, na Fundi naye, aliyekuwa amekaza uso tangu Makambako, akaanza. "Ameliziba!" bibi alikuwa anawaambia wajomba. "Ningepitisha uzi wapi?"

Mjomba mkubwa hakucheka. "Tundu tumeliona," akasema. "Sauti bado."

Alikuwa na haki. Bibi akatunyamazisha sote kwa mkono, akaidondosha rupia juu ya jiwe la kusagia. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko za wenzake na ikaisha mapema kidogo. Nilikuwa nimefumba macho, si kwa maringo safari hii. Niliogopa kuyafumbua.

"Imelia," Eliza akasema pale mlangoni. Lilikuwa neno la kwanza nililomsikia akisema. Nilipofumbua macho alikuwa anamtazama Enoki, na Enoki alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mbele ya wakwe.

Jumapili tangazo la tatu lilisomwa. Kwenye harusi niliwekwa meza moja na Fundi, na kila aliyepita aliniomba nimzibie kitu: tundu la soksi, la sufuria, la bati. Enoki aliporudi Lyamkena aliisimulia habari ile kila alipopeleka kitanda, na ndipo nilipopewa jina la Sikio, yaani mtu aliyekuwa na masikio mawili akashindwa kutumia hata moja. Fundi hakunifukuza. Aliniwekea sharti moja, kwamba nisimwambie kitu kimekamilika kabla sijakidondosha kwenye jiwe la mlangoni. Siku hiyohiyo nilidondosha pete ya mteja, ikaviringika mtaroni, tukaitafuta hadi magharibi.

Yule mzee nilimpenda. Alipofariki tulimzika hapa hapa Makambako, na mimi Mlutheri wa Njombe nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mizani yake na ile rupia ya kupimia ndizo nilizompa Neema pamoja na funguo. Neema, usiisugue.

Zile rupia tano za Matembwe, ambazo bibi alimkabidhi Eliza, zilirudi mezani kwangu moja moja, kwa miaka. Ya kwanza iligeuka mabati ya nyumba yao Lyamkena. Nyingine ilikwenda wakati mtoto alipolazwa, nyingine ikawa randa na misumeno ya karakana. Enoki alikuwa analeta, napima, naidondosha, nalipa bei ya kutazamwa, maana ngozi waliitunza vizuri. Nilijua kwamba kazi ya rupia hizo ndiyo hiyo, kama bibi mwenyewe alivyosema. Ya sita haikuja. Sikuwahi kuiulizia.

Wiki yangu ya mwisho dukani Eliza aliingia. Nywele zina mvi sasa. Alikuwa na binti yake, naye jina lake Tabitha. Akavuta uzi kutoka shingoni, akaufungua, akaiweka rupia mezani mbele yangu.

Nilidhani shida imefika hapo. Na kwa kuwa sijui kunyamaza ninapokuwa na majonzi, nikaanza kusema bei. Nikamwambia kwamba yenye tundu huwa ya kuyeyushwa, na hii imelika haitafika tola, lakini mimi nitamwongezea, nitamlipa kama nzima, nitamlipa kama...

"Mzee Petro," akasema, "nani ameuza?"

Akanionyesha. Uzi wa miaka yote ulikuwa umekula tundu hadi karibu na ukingo, kilibaki kijisehemu chembamba kama uzi wenyewe. Tabitha anaolewa, na hiyo ndiyo atakayovaa. Bwana harusi ni mtu wa kompyuta, anaogopa msumari. "Nimekuja unitobolee upande wa pili," Eliza akasema. "Hili la zamani liache lilivyo. Usiliguse."

Neema aliinama sikioni kwangu akanikumbusha kwamba rupia yenye matundu mawili hata myeyushaji ataikunia kichwa. Nikamwambia alete keekee. Nilipima mahali, nikaweka alama kwa sindano, nikatoboa polepole, nikiharibu mali kwa moyo mkunjufu ambao sijawahi kuupata nikitengeneza. Nikalainisha kingo za tundu ili lisikate uzi. Ngozi sikuigusa.

Nikasimama, nikaenda mlangoni, nikaidondosha kwenye jiwe la Fundi.

Nikangoja. Sikusikia kitu. Ninyi hamjui, sikumwambia hata mke wangu, lakini masikio haya yana muda sasa yananitoroka, na sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Nikageuka kumtazama Eliza, nikiwa mzee mzima, fundi wa fedha anayeitwa Sikio, nikingoja kuambiwa.

Alikuwa ameshaiokota, anapitisha uzi.

"Imelia, Mzee Petro," akasema kwa sauti kubwa, karibu na uso wangu. "Imelia."